Ndege Walionuniana

"Mama Brighton, umezihesabu ndala zako?"

Ndivyo Anifa alivyonisalimu asubuhi ile bombani, hata ndoo hajaitua. Anifa ni jirani yangu, anauza dagaa, na hapa Kumsenga habari ikitaka kutembea hupita kwanza kwake kuchukua nauli.

"Nizihesabu za nini? Ninazo mbili tu."

"Mbili za miguu ipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasogea, akashusha sauti, jambo ambalo Anifa hulifanya mara chache sana maishani mwake.

"Winifrida anachukua ndala za watu. Si jozi, mwenzangu. Mojamoja. Tena za mguu wa kushoto! Mwizi wa kawaida anabeba jozi, avae au auze. Mtu anayebeba ya kushoto peke yake, huyo ana kazi nayo. Na ukipita nyuma ya nyumba yake kuna sufuria inachemka. Si maharage. Si mboga. Inanuka kanisa."

"Inanuka kanisa kivipi?"

"Mishumaa! Mimi Mwislamu, lakini misiba yenu nimeihudhuria, harufu naijua. Sasa unganisha mwenyewe. Nyayo za watu, mishumaa, na binti yake anaolewa. Anatufunga midomo, tusije tukamsema binti wakwe wakasikia."

"Kama ni hivyo wewe angeshakufunga zamani."

"Mimi?" Anifa akajitwisha ndoo. "Kwangu mimi ndala haitoshi. Atahitaji gambuti."

Nilirudi nyumbani nikiwa sijaamini. Lakini nilipoinama chini ya benchi nikakuta ndala moja tu, ya kulia. Ya kushoto ilikuwa imekatika kamba, nikaipigilia msumari, msumari nao ukanichoma, nikaitupa shimo la taka. Shimoni nako haikuwepo.

Nikamfunga Brighton mgongoni, nikaenda.

Kabla sijafika niseme kidogo huyu Winifrida ni nani. Sisi tuliozaliwa juzi tunamwita Mama Elieth, kwa jina la binti yake wa mwisho. Ni fundi cherehani pale sokoni, kwenye kibaraza cha duka la chumvi. Hatumii futi. Anakutazama mara moja, anasema "umenenepa," anakata. Nguo inakukaa. Isipokukaa, anasema subiri, utaifikia. Siku familia yao ilipopewa karatasi za uraia, maana mama yake alivukia Mabamba akitokea Burundi mwaka wa sabini na mbili, Mama Elieth alikwenda amevaa gauni la rangi za bendera alilolishona mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Watu walipouliza, akajibu huo ndio mtindo. Baada ya mwezi wanawake wawili walikuja kwake kutaka mkono mmoja mrefu.

Ndiye mtu ambaye Anifa alitaka nimwogope.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mkononi ana wembe. Miguuni pake rundo la ndala, za bluu, nyekundu, kijani, zote zimechakaa. Pembeni, juu ya mkeka, alikaa mama yake, Bibi Esteri, ameshika mapajani kitambaa kimoja cha kijivujivu.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema Mama Elieth bila kuinua macho. "Umefuata ndala yako."

"Hapana mama, nimefuata kifungo. Cha kaptula ya mtoto."

Sasa aliinua macho. Akamtazama Brighton, akanitazama mimi. "Mtoto hana kaptula."

Ni kweli hakuwa nayo. Brighton ni mtoto ambaye kumvalisha kaptula ni kuongeza nguo za kufua. Amemkojolea mwinjilisti. Amemkojolea mtendaji wa kijiji mbele ya mkutano, katikati ya habari za choo bora. Nesi wa kliniki akituona tunaingia, anaanza kukunja mikono ya gauni.

"Kaa," akasema Mama Elieth. "Ukirudi kwa Anifa, umweleze vizuri."

Akanieleza. Kile kitambaa cha kijivujivu kilikuwa zamani kitenge. Bibi Esteri alivuka nacho mpaka akiwa mjamzito, hana kingine, na Mama Elieth mwenyewe alizaliwa upande huu akapokelewa nacho. "Kitenge kilinishika kabla ya mkunga," akasema. Wadogo zake wote walibebwa humo. Mmoja akianza kutembea, mwingine anapanda mgongoni. Kikawa ndicho nguo ya ukoo. Binti wa nyumba ile akitoka kwenda kwa mume, Bibi humfunika kwa kitenge kile toka kichwani, akamshika mkono hadi mlangoni, ndipo anamfunua na kumwachia. Bibi asipofunika, hatoki mlangoni. Bibi asipotoka, hakuna anayetoka.

"Dada yake Elieth nilimfunika nacho," Bibi akadakia. "Kikaachia katikati. Kichwa kikatokea juu kama kobe. Wakwe wakapiga makofi, wamedhani ni mila."

Toka siku hiyo Bibi alisema basi. Kitenge kimestaafu. Na sasa Elieth, wa mwisho, amechumbiwa na Theonest wa Kagerankanda, kule Kasulu. Mama Elieth alinunua kitenge kipya cha dukani, kizuri, kinang'aa. Bibi akakipapasa, akakinusa, akasema, "Hiki ni cha makochi." Mwisho wa mazungumzo.

"Si umbembeleze tu, mama?" nikasema polepole.

"Nimbembeleze nani? Mtu aliyevuka mpaka kwa miguu, tumbo mbele, utamtishia kitambaa?" Akarudi kwenye wembe wake. "Basi nikajisemea, kama kitenge hakiuzwi, kitachapwa. Ndege wale wale, rangi ile ile. Nitakichapa mwenyewe hapa hapa."

Ndala zilikuwa mihuri. Unachora mnyama wako kwenye soli, unakata pembeni kwa wembe mpaka anainuka, unachovya kwenye nta ya moto, unagonga kwenye kitambaa cheupe. Ukikitia rangi, palipo na nta rangi haiingii. Na ndala alikuwa anaokota zilizotupwa. "Au mlitaka nikate za kwangu?" akaniuliza.

Nikatazama rundo. Anifa hakuwa amedanganya. Zote za kushoto.

"Hiyo sijui," akasema. "Watu wa hapa sijui mnakanyaga vipi."

Basi nikakaa. Nilikuja kwa kifungo kisichokuwepo, nikawa nakuja kila nikipata nafasi, maana nyumbani hakuna mtu wa kutazama isipokuwa kuku.

Tatizo la kwanza lilikuwa ndege wenyewe. Kitenge kilikuwa kimefifia kiasi kwamba ulihitaji imani. Elieth, akipita na ndoo, alisema yeye toka utotoni ameona birika. Anifa, ambaye alianza kuja baada ya mimi kumwambia asije, alisema ni ramani. Ya wapi? Ya huko walikotoka. Bibi Esteri akakasirika.

"Ndege! Ndege wawili, wamepeana mgongo. Wamenuniana. Katikati yao punje moja ya mtama."

"Wamenuniana kwa nini, bibi?" nikauliza.

"Si kwa ajili ya hiyo punje? Wewe umeolewa, unauliza?"

Mama Elieth akakata ndege wa kwanza. Anifa akamtazama kwa huruma. "Huyu ni kuku wa Krismasi. Ameshanyonyolewa." Wa pili alikuwa na shingo ya mbuzi. Wa tatu ndiye aliyekubalika: mnene tumboni, mkia juu, jicho moja lenye dharau. Bibi alipapasa soli kwa kidole gumba, taratibu, toka mdomoni hadi mkiani. "Ego," akasema, na ego ya Bibi ni ndiyo isiyokatiwa rufaa. "Huyu alikuwepo."

Tatizo la pili lilikuwa rangi. Kila mtu alikumbuka rangi yake. Mama Elieth alisema nyekundu, Bibi alisema "nzuri," hakuongeza neno. Mimi nilikuwa nimekishika kitenge mapajani Brighton akinyonya, na nikaona jambo. Pindo la chini lilikuwa limekunjwa mara mbili, limeshonwa kwa mkono kwa uzi mnene, na uzi ule ulikuwa mzee kama kitenge chenyewe.

"Mama, hili pindo limewahi kufumuliwa?"

Mama Elieth akachukua sindano, akafumua mshono mmoja, wa pili, wa tatu. Akakunjua. Ndani ya pindo, mahali ambapo jua la miaka yote ile halikufika, rangi ilikuwa imejificha nzima nzima. Bluu nzito, bluu ya wino wa shule. Na njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Fundi wetu akaliinua pindo juani. Hata Anifa akasogea kutazama.

"Mmeona nini?" Bibi akauliza, maana macho yake yana ukungu.

"Rangi, mama. Rangi yako ipo."

"Mlidhani ilikuwa nyeupe?" Kisha akaongeza, akimgeukia Brighton kwa sauti ya kumsifia, "Rangi hii haikukimbia kwa sababu ilitulizwa na watoto. Wanangu wote walikikojolea. Huyu mkubwa wao hapa ndiye aliyekikojolea kuliko wote."

"Mama!"

"Kitenge ambacho mtoto hajakikojolea bado ni karatasi."

"Siku hizi kuna dawa ya kukamatisha rangi, mama. Inauzwa."

"Ina meno mawili ya mbele, hiyo dawa?" Bibi akauliza, na Brighton, aliyekuwa na mawili hasa, akacheka.

Tukaenda kwenye tatizo la tatu, ambalo lilitupotezea wiki. Mama Elieth alijaribu muhuri wake kwenye gunia la unga. Akagonga ndege mmoja, akagonga wa pili pembeni yake. Wote wakatazama upande mmoja. Akageuza ndala juu chini. Ndege wa pili akawa amelala chali. Akajaribu kuchonga upande wa chini wa soli, lakini kule kuna zile alama za kuzuia utelezi, na ndege akatoka na mistari kama pundamilia.

"Hao wanakwenda gulioni," Bibi akasema alipoelezwa. "Wanapatana kabisa. Wangu walinuniana."

Siku mbili Mama Elieth alikata ndege katika ndala za kushoto, kila mmoja akitazama kule kule, maana alikuwa anafuata umbo la soli: kisigino kinakuwa mkia, tumbo linajazwa pale soli inapovimba. Mimi nilikuwa natazama tu. Nikatazama miguu yangu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa raba ya shemeji yako, Baba Brighton, mguu wa kushoto na ndala ya kulia mguu wake, kwa kuwa ndala ya kushoto Mama Elieth alikuwa ameshaikata. Nikaivua ile ndala, nikaiweka chini, pembeni ya muhuri wake.

Tumbo kwa tumbo zilitazamana. Nikazibadilisha nafasi. Zikapeana mgongo.

Mama Elieth alizitazama muda mrefu. "Mama Brighton," akasema, "utarudi nyumbani na nini?"

"Mguu mmoja peku, mama."

"Mungu akuone."

Ndivyo ndege wa kulia alivyopatikana, na mimi jioni nikaenda nyumbani natembelea kisigino kimoja, Anifa akiwatangazia wapita njia kwamba mwingine huyo kashachukuliwa mpaka ya kulia.

Nta alipewa na wakwe. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Habonimana, anafuga nyuki Kagerankanda. Ni mtu mkubwa, mpole, kichwa chake hakina unywele hata wa kuazima. Alipokuja kuposa alisikia kwamba mama wa binti anataka nta, akafurahi. Akampa dereva wa lori gunia la masega yaliyokamuliwa, na salamu kwamba asali ameikamua yote. Alikamua yote aliyoiona yeye. Mama Elieth alipochovya kidole ndani ya gunia kikatoka na asali, akakilamba.

Hapa lazima niseme habari za mafunzo. Zamani, Mama Elieth aliwahi kwenda Kasulu kwenye mafunzo ya wanawake ya kutengeneza batiki. Alijifunza kuyeyusha nta, kugonga, kuchanganya rangi, kuanika kivulini. Siku ya mwisho hakuhudhuria. Lilipatikana lori la maharage linalokuja Kibondo, na yeye huwa haachi lifti. Kwa hiyo alijua yote isipokuwa lile lililofundishwa siku ya mwisho, nalo ndilo namna ya kuitoa nta ikishamaliza kazi.

"Hilo halihitaji mwalimu," alituambia. "Nta inayeyuka kwa joto. Mungu ameshawasha jiko pale juu, bure. Mimi nichome mkaa wa nini?"

Aligonga ndege vitambaa vinne. Njano kwanza, kisha ndege na punje, kisha bluu. Vilipotoka kwenye beseni, nisikudanganye, nilisahau kwamba nilikuwa nimekuja kuomba moto. Ndege walitoka bluuni wamenuna, wanene, kila mmoja na jicho lake la dharau, punje ya mtama katikati yao inawangojea. Vilikuwa vigumu kama kadibodi kwa sababu ya nta. Ukivikunja vinalia kra, kra. Lakini vilikuwa vyenyewe.

Bibi akakipapasa kimoja. Akakinusa. Hakusema cha makochi. Akasema, "Tutaona."

Mama Elieth hakulala kwa furaha ya ile tutaona.

Mahari ililetwa siku ya jua kali, kiangazi chenyewe, maua yote yamekauka huko maporini. Mama Elieth akapiga hesabu yake. Wakwe wanahitaji kivuli. Vitenge vinahitaji jua. Akavitandaza vyote vinne juu ya kamba, vikawa paa zuri la bluu na njano katikati ya uwanja, na chini yake akapanga viti vya wageni. Nta itoke huku wakwe wakiona kazi. Hata mimi niliona ni akili.

Wakwe wakaingia, wakasifu. Wakaketi. Elieth akaletwa akaketi kwenye mkeka pembeni ya bibi yake, amejifunga khanga, macho chini. Mzee Habonimana akasimama kusema.

"Ndugu zetu wa Kumsenga," akaanza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amejiandaa toka Kasulu, "sisi ni wapita njia. Tulipokuwa tunapita, tukaona kwamba katika boma hili..."

Tone la nta likamdondokea kichwani, katikati kabisa.

Akanyamaza. Akapapasa. Hakutaka kuwaaibisha wakwe, akaendelea. "...katika boma hili limechanua ua..."

Tone la pili. Sasa nilikuwa nimeketi na akina mama, Anifa kulia kwangu, na nilimwona nyuki mmoja. Alikuja peke yake, akakizunguka kichwa cha mzee kwa heshima, akapanda juu ya kitenge. Kisha wakaja wawili. Kisha ikasikika sauti kutoka upande wa migomba, kama pikipiki inayopanda mlima mbali.

"Mama Brighton," Anifa akanong'ona, "hiyo ni bodaboda?"

"Sidhani."

"...ua zuri," Mzee Habonimana alikuwa anasema, "lenye harufu nzuri, na sisi tukasema, ua kama hili haliwezi kukosa..."

Wakafika.

Kwanza sikuelewa kwamba paa limebadilika rangi. Lilikuwa jeusi, linatembea. Wakwe wakatazama juu. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mzito aliyekuwa amekataa soda kwa sababu ya presha, aliruka kiti kama ndama. Wazee wakakimbia na fimbo zao wakizipunga, na kila aliyepunga akachomwa. Theonest, ameshachomwa jicho, akakimbilia jikoni akafunga mlango kwa ndani, na wenye jiko wako nje. Anifa alipiga kelele, "Ndala! Niliwaambia habari za ndala!" akakimbia, ameacha zake zote mbili. Mimi nilimzungusha Brighton kifuani nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Mzee Habonimana peke yake alibaki amesimama.

"Msikimbie!" alikuwa anasema kwa upole. "Hawana ubaya! Wamefuata nta tu! Mimi nyuki wananijua!"

Akachomwa sikio. "Huyu si wa kwangu," akasema, akakimbia naye.

Nilipochungulia, uwanja ulikuwa mtupu. Viti vimelala. Soda zinamwagika. Na pale kwenye mkeka, Bibi Esteri na Elieth hawakuwepo. Kulikuwa na kilima kidogo cha bluu na njano. Bibi alikuwa amekivuta kitenge kimoja toka kambani, akajifunika na mjukuu wake, toka kichwani mpaka chini. Nyuki wakatua juu yake, wengi, wakaanza kazi yao juu ya migongo ya ndege. Kilima hakikutikisika. Ndani yake nilisikia sauti ya Bibi, taratibu, inasema, "Tulia, mwana wanje, mwanangu wee. Hawa wanakula tu. Wakishiba wataondoka."

Mama Elieth alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Hakukimbia. Alikuwa anakitazama kile kilima kama vile amekiona mahali zamani, kabla hajawa na macho.

Jua lilipopungua nyuki wakaondoka. Wakwe wakarudi mmojammoja, nyuso zimevimba, na Theonest akatolewa jikoni na mama mkwe wake, jambo ambalo bila shaka litasemwa mpaka kwa wajukuu. Mzee Habonimana, sikio kama kipande cha papai, akakaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema mahari inabaki ile ile, lakini anatoza faini: kila mkwe aliyechomwa apewe kitenge kimoja cha ndege wale. Mahari ikapokelewa.

Bibi na Elieth walitoka chini ya kitenge wakiwa hawana alama hata moja.

"Basi, mama," Mama Elieth akasema haraka, "umeshamfunika. Umeona? Umemfunika! Mbele ya wakwe!"

"Oya," akasema Bibi. Hapana. "Nimemficha. Kuficha si kufunika." Akakiinua kitenge puani. "Ni kizuri, Winifrida. Ndege ni wale wale. Lakini nimekaa ndani yake, nimenusa pote. Kinanuka mzinga. Hakinuki mtoto. Mjukuu wangu simtoi mlangoni na nguo isiyojua mtoto."

Siku ya pili Mama Elieth alimpigia simu mwenzake mmoja wa mafunzo ya Kasulu. Aliweka sauti ya juu, tukasikia wote. "Siku ya mwisho? Tulichemsha vitambaa kwenye pipa na sabuni, nta ikaelea juu, tukaichota. Hukuwepo? Na kulikuwa na pilau."

Kilichomuuma zaidi, nadhani, ni pilau.

Akachemsha. Nta ikaelea, akaichota, akasuuza, akapiga pasi. Kitenge kikawa laini, kinaanguka mkononi kama maji. Sasa ndipo ukaiona kazi yenyewe. Mama Elieth akasema kinaitwa Esteri, akamwambia kila mtu. Lakini kitenge hakipewi jina na aliyekichapa. Kinapewa na wanawake wa sokoni. Wiki ile ile walikuja kutoka Mabamba, wakaja kutoka Kibondo mjini, wote wanataka cha kwao, na wote wakiulizia jina moja: "Mama, ile Kimbia Mkwe bado ipo?"

"Kinaitwa Esteri!"

"Sawa mama. Nipimie Kimbia Mkwe."

Anifa ana viwili. Anasema yeye ndiye aliyewahi kugundua kazi hii kabla ya mtu mwingine yeyote.

Lakini Bibi hakubadilika. Kila asubuhi alikinusa kitenge cha Elieth, kila asubuhi akakirudisha. "Kinanuka sabuni." Siku ya kumtoa binti ilipangwa Jumamosi. Mpishi ameshaitwa, kwaya imeshashona sare, Theonest ameshapona jicho. Mama Elieth alikonda mpaka cherehani likamwona mgeni. Elieth hana mtoto, ndiyo kwanza anaolewa. Dada yake ana watoto wakubwa, wanaokwenda chooni na kufunga mlango.

Alhamisi asubuhi nilikuwa natwanga, Brighton mgongoni. Nikamwona Mama Elieth anakuja njiani peke yake, amebeba kitenge kimekunjwa vizuri juu ya mikono miwili, kama watu wanavyobeba sadaka. Hakusema hodi. Alisimama mbele yangu, akamtazama mwanangu kwa muda, na kwa mara ya kwanza toka nimjue sikuona ubishi wowote usoni pake.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Sikai." Akanipa kitenge. Kilikuwa na joto la pasi bado. "Huyu mtoto leo amekunywa nini?"

"Uji kidogo, mama. Asubuhi."

"Mwongeze," akasema. "Mwongeze na maji. Halafu mfunge kwa hiki, kutwa nzima, leo na kesho, na akiomba kushuka, tafadhali, usimshushe."